Krapf na Shimo la Nyani

Soma: Mwanzo 21:14-19, 1 Wafalme 17:1-7, 2 Wakorintho 11:27.

Sisi wa Moshi humkumbuka zaidi Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya mlima wetu Mei 11, 1848. Mwenzake wa Rabai, Johann Ludwig Krapf, aliuona mlima huo mwaka uliofuata, akiwa safarini kwenda Ukambani. Lakini katika somo la Mungu na wenye njaa, Krapf ndiye anayetufaa.

Alizaliwa Januari 11, 1810, huko Derendingen, Ujerumani. Alianza utume Uhabeshi, na mlango ulipofungwa huko akafika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, wala hakuiacha kazi hiyo.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani, akaenda na mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, kuelekea mto Tana. Karibu na mto wanyang'anyi waliwashambulia. Kivoi aliuawa, watu wakatawanyika, Krapf akabaki peke yake porini bila chakula. Alifika mtoni, akanywa, kisha akajaza maji katika mfuko wa darubini na ndani ya mitutu ya bunduki, maana hakuwa na chombo kingine. Alitembea usiku kwa kuogopa watu. Miiba ikamvuta huku na huku, na maji yakamwagika.

Kiu ilipomzidi alisikia kelele za nyani. Akafurahi, kwa kuwa alijua kwamba nyani wanapokusanyika bondeni maji hayako mbali. Akafuata mkondo mkavu, akakuta shimo walilolichimba mchangani, nalo lina maji. Hajiri alifumbuliwa macho akaona kisima. Eliya aliletewa chakula na kunguru, ndege aliye najisi kwa torati. Huyu alichimbiwa na nyani. Alimshukuru Mungu, akanywa, akafunga baruti katika leso ili pembe yake ipate kubeba maji.

Wasimuliaji wengi huishia hapo. Lakini njaa ilikuwa palepale. Alikula konzi ya baruti pamoja na machipukizi ya mti uliokuwa karibu, nayo yalikuwa machungu. Hakuna mana iliyoanguka. Tena Kivoi, aliyemkaribisha, hakuokoka, na baadhi ya ndugu zake walimlaumu mgeni kwa kifo hicho hata akalazimika kuwatoroka usiku. Tusiyafiche hayo tunapowafundisha vijana. Kijito cha Eliya nacho kilikauka, na Paulo anataja njaa na kiu miongoni mwa mambo yaliyompata akiwa kazini mwa Bwana, si nje yake. Riziki ya siku ile ilikuwa maji ya kumfikisha mbele kidogo, na kesho yake alihitaji tena.

Hatimaye alifika Rabai akiwa hai. Afya ilimshinda, akarudi Ulaya mwaka 1853, akaendelea na kazi ya lugha; kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Yeye hakuiona. Alifariki Novemba 26, 1881, huko Korntal, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.