Robert Koch, daktari wa rangi aliyefika mpaka Bongo

Wadau, kabla ya 1882 TB ilikuwa inamaliza watu kila kona na hakuna aliyewahi kumwona mdudu wake. Aliyemnasa ni Mjerumani Robert Koch, na silaha yake ilikuwa rangi. Ndiyo, rangi, ndugu moja na zile za kutilia nguo!

Jamaa alizaliwa Clausthal, 11 Desemba 1843. Akawa daktari wa wilaya Wollstein, mji mdogo tu, maabara akajitengenezea nyumbani. 1876 akaonyesha kimeta kinavyoambukiza.

TB ndo ilimtoa jasho. Kipande cha pafu bila rangi, kwenye hadubini kila kitu kinafanana. Koch akakiloweka kwenye rangi ya bluu saa 24, halafu akakitia ya kahawia. Nyama yote ikageuka kahawia, vijidudu vikagoma, vikabaki bluu! Akatangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882, ndo maana Siku ya TB Duniani ni 24 Machi.

Ujanja huo haujafa. Kidonda cha TB kikipona mapafuni kinaacha kovu la kolajeni, protini ya nyuzinyuzi. Siku hizi kovu kama hilo linapakwa rangi nyekundu, kisha linamulikwa kwa mwanga uliochujwa ukabaki unatikisika upande mmoja tu. Kolajeni inawaka kama kaa la moto, vingine vyote giza. Si mchezo.

Koch alitua Dar es Salaam 1897, Mafia yetu nayo ikiwa chini ya Wajerumani. Akawa anachungulia damu za wagonjwa wa malaria. Vikaletwa vipimo kutoka Kiziba, kule Bukoba, akakuta ni tauni.

1905 akapewa Nobel. Mwaka uliofuata akaenda visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, malale inaua vibaya. Hapa ndo sifa zinaingia doa. Aliwatibu watu zaidi ya 1,000 kwa atoksili, dawa yenye aseniki, na ugonjwa ulipowarudia akaongeza dozi. Zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja. Shuleni tulikaririshwa jina la Koch, lakini Sese haikutajwa hata siku moja, na mimi naona hiyo si haki kwa wale waliopofuka.

Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Majivu yake yapo Berlin, ndani ya taasisi yenye jina lake.