Maisha ya Bwana Gunpei Yokoi

Likizo iliyopita mjomba wangu, ambaye ni baharia, alinipa kichezeo kikuukuu cha mkononi kiitwacho Game Boy Advance. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu, Rhythm Tengoku, uliotolewa Japani mwaka 2006 na usiouzwa nchi nyingine. Maandishi yake ni ya Kijapani, nami sijui hata herufi moja. Lakini mdundo hauna haja ya mkalimani. Mchezaji husikiliza muziki na kubonyeza kitufe kwa wakati wake. Akichelewa kidogo tu, amekosa. Rafiki zangu walinicheka, lakini mimi nilitaka kumjua mtu aliyeanzisha vichezeo vya namna hii.

Mtu huyo ni Bwana Gunpei Yokoi. Alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 katika mji wa Kyoto, akasomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha. Mwaka 1965 aliajiriwa na kampuni ya Nintendo, ambayo siku hizo ilitengeneza karata, awe mtunzaji wa mitambo. Alipopata nafasi alijitengenezea mkono wa kuchezea, wenye kurefuka na kushika vitu vya mbali. Mkuu wa kampuni alipouona hakumfukuza, bali alimwamuru autengeneze uuzwe. Mwaka 1966 ulitoka madukani, na zaidi ya milioni moja ikanunuliwa.

Siku moja katika treni alimwona msafiri akichezea kikokotoo ili kupitisha wakati. Basi Bwana Yokoi akachukua vifaa vya vikokotoo, ambavyo bei yake ilikuwa imekwisha kushuka, akabuni Game & Watch ya mwaka 1980. Mwaka 1982 alileta kitufe chenye umbo la msalaba, nacho kimo hata katika kichezeo changu. Game Boy ya mwaka 1989 haikuwa na rangi, hali ya wapinzani wake walikuwa nazo. Lakini ilikuwa rahisi na imara, na betri zake nne zilidumu saa nyingi. Ikawashinda wote.

Hakufaulu kila mara. Virtual Boy ya mwaka 1995 haikupendwa. Mwaka 1996 aliacha kazi akaanzisha kampuni yake, Koto. Tarehe 4 Oktoba 1997 alikufa katika ajali ya barabarani, akiwa na umri wa miaka 56.

Nami nakiri jambo moja. Mwaka jana nilikaribia kuacha Fizikia kwa kuwa baba hakuweza kuninunulia vitabu vipya. Nilipojua habari za Bwana Yokoi niliona haya. Nikafungua kitabu cha kaka yangu, kisicho na jalada, nikaanza ukurasa wa kwanza. Mtihani u karibu, nami sijui nitapata nini. Lakini Fizikia sikuiacha. Wenzangu, tusidharau kitu kwa uzee wake. Tujiulize kwanza kama tumekwisha kukitumia chote.