Hamed bin Muhammed el-Murjebi na Hesabu ya Nafsi

Miongoni mwa Waislamu wa pwani waliofika katika nchi za Ziwa Mweru katika karne ya 19, hakuna aliyevuma kama Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip. Maisha yake yafaa kusomwa na watu wa Nchelenge na Mofwe, si kwa kumtukuza wala kwa kumtukana, bali kwa kuwa yaonyesha jinsi mtu akuavyo kwa kuijua nafsi yake na kuthubutu mambo mapya. Tena yaonyesha hasara impatayo asipoihesabu nafsi hiyo mpaka mwisho.

Alizaliwa Unguja kiasi cha mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mwenye makazi Tabora. Hamed alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza safari fupi za biashara ya sandarusi pamoja na jamaa zake, na alipotimiza miaka 18 akafuatana na baba yake kwenda bara. Ilipowadia kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Urua, mzee wake alitaka kuikabidhi mali kwa mtu mwingine, na kijana awe mfuasi tu. Hamed hakuridhika. Aliona ni aibu kwake kufuata nyuma ya mtu mwingine katika mali ya baba yake. Ama apewe mali aiendeshe mwenyewe, ama arejee. Baba yake akamkubalia.

Huko Urua aliwakuta wenzake wakishindania pembe kubwa, nazo zilikuwa ghali. Yeye alizitazama pembe ndogo ambazo wengine walizidharau, akazinunua kwa bei rahisi, akarudi na faida nzuri. Tangu siku hizo alitambua kwamba amejaliwa jicho la kuona wasiyoyaona wengine, na moyo wa kwenda wasikotaka kwenda.

Baadaye alichukua mali kwa mkopo, akaelekea Itawa, nchi iliyo kati ya Tanganyika na Mweru, aliyoitawala Nsama. Waliomtangulia walimwonya, kwa kuwa Nsama alikwisha kuwashinda watu wa pwani. Hamed hakurudi nyuma. Mwaka 1867 vita vilizuka. Alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zake zilishinda, naye akapata, kwa hesabu yake mwenyewe, frasila 1,950 za pembe. Kutokana na mlio wa bunduki hizo, kama alivyosimulia, akapewa jina la Tippu Tip.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo alikutana na Dr. Livingstone, ambaye safari yake ilikuwa imecheleweshwa na vita hivyo. Alimpokea kwa wema, akamsaidia kupata watu wa kufuatana naye. Tarehe 8 Novemba mgeni huyo aliliona Ziwa Mweru, na kabla ya mwezi kwisha akaingia katika mji wa Mwata Kazembe karibu na Mofwe. Basi mkono uliomkirimu msafiri ndio uliokuwa umetoka kuteka vijiji vya Itawa. Nchi ya Kazembe nayo haikusalimika: mwaka 1872 Mwata Muonga Sunkutu aliuawa katika vita ambavyo wafanyabiashara wa pwani walishiriki.

Hamed aliendelea mbele. Alifika Utetera, akajidai kuwa ana udugu na mfalme wa huko kwa njia ya mwanamke aliyetekwa zamani, akapewa utawala. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley katika mto wa Lualaba. Na mwaka 1887 alizunguka kwa meli Rasi ya Tumaini Jema mpaka mlango wa mto Kongo, ili awe wali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold. Mwaka 1891 alirejea Unguja. Miaka miwili baadaye mwanawe Sefu alifariki katika vita na dola ile ile, na enzi yote ya jamaa zake huko Manyema ikatoweka.

Katika uzee alijaribu jambo jipya la mwisho: aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani, aliyafasiri na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa habari za kwanza za mtu kujieleza mwenyewe katika lugha hii. Humo hakuficha madeni yake, majeraha yake, wala hila aliyoifanya Utetera. Lakini waliotekwa na kuuzwa, na waliobeba pembe zake mpaka pwani, wamepita humo kama mizigo. Hasemi neno la kujilaumu kwa ajili yao. Alifariki Unguja mwezi wa Juni 1905.

Kwa hakika alijua nguvu zake, na ujuzi huo ulimtoa katika sandarusi ukamfikisha kwenye enzi. Lakini muhasaba wa Mwislamu hauishii katika faida na ushujaa. Haki ya Mwenyezi Mungu husamehewa kwa toba. Haki ya mja humngoja mwenyewe. Kijana wa Mofwe atakayetoka kutafuta elimu au biashara katika nchi ngeni na achukue ushujaa wa Hamed, na kila jioni ajiulize swali ambalo kitabu cha Hamed hakikuliuliza: ni nani aliyelipa gharama ya safari hii?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awalipe waliodhulumiwa, na awajaalie walio hai kujihesabu kabla ya kuhesabiwa. Amin.