Claude Monet: Mchoraji aliyefuata mwanga hadi macho yalipofifia

Mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, Claude Monet, alizaliwa Paris tarehe 14 Novemba 1840 na kukulia katika mji wa bandari wa Le Havre. Baba yake alitaka aingie katika biashara ya familia, lakini kijana huyo alichagua brashi.

Mwaka 1872 aliichora bandari ya Le Havre jua linapochomoza. Sehemu kubwa ya picha ni ya kijivu na buluu, na ndani yake kuna jua dogo la rangi ya chungwa na mstari wake juu ya maji. Cha ajabu, picha hiyo ikitolewa kwa nyeusi na nyeupe, jua hilo karibu linapotea, kwani halikupakwa kwa rangi nyeupe zaidi kuliko anga. Linang'aa kwa sababu chungwa limewekwa kando ya buluu. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, mwandishi mmoja wa gazeti aliikejeli, na kutokana na jina la picha hiyo kundi zima la wachoraji wale likaja kuitwa Waimpreshonisti.

Mwaka 1879 mkewe, Camille, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 32, akaacha watoto wawili wa kiume. Monet alimchora akiwa kitandani pa mauti, kwa buluu, kijivu na zambarau. Miaka mingi baadaye alimweleza rafiki yake, Georges Clemenceau, kwamba katikati ya msiba alijikuta akifuatilia jinsi rangi zilivyokuwa zikibadilika usoni mwa marehemu, na jambo hilo lilimtisha.

Kuanzia mwaka 1890, akiwa kijijini Giverny, alichora marundo ya mavuno shambani mara 25 hivi. Marundo ni yale yale, lakini asubuhi ya theluji yanaonekana mapweke, na jua la jioni linayafanya yawake kama makaa.

Wasomaji wetu mlioko London mnayajua majengo ya Bunge kando ya mto Thames. Kati ya mwaka 1899 na 1901 Monet aliyachora yakiwa yamefunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Mawe mazito yale yakageuka kivuli cha buluu na zambarau, kama kitu kinachoonekana ndotoni.

Kisha mtihani ukamfika. Mwaka 1912 madaktari walimkuta na ugonjwa wa mtoto wa jicho. Rangi nyekundu ilianza kuonekana kama tope, na ikambidi kutegemea maandishi kwenye mirija ya rangi. Picha alizochora miaka hiyo za daraja la bustani yake zimejaa wekundu na hudhurungi nzito. Aliogopa kufanyiwa upasuaji, hadi Clemenceau alipomshawishi akakubali mwaka 1923. Baada ya hapo alivaa miwani ya rangi, akarudia baadhi ya kazi zake na nyingine akaziharibu.

Alifariki dunia tarehe 5 Desemba 1926, akiwa na umri wa miaka 86. Picha kubwa za mayungiyungi, alizoiahidi Ufaransa baada ya Vita Kuu kumalizika mwaka 1918, zilifunguliwa kwa umma mwaka 1927 katika jumba la Orangerie, Paris. Humo huangazwa na mwanga wa mchana kutoka juu, kama alivyotaka mwenyewe, hivyo wingu likipita, sura ya picha nayo hubadilika.