Kakutani: Alifungiwa mlango wa hesabu, akatafuta mwingine

Kama umemaliza fomu foo ukaambiwa masomo uliyochagua hayawezi kukufikisha unakotaka, kaa hapa kidogo. Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo sikuhubirii. Nakupa tu stori ya msee mmoja wa Japani.

Shizuo Kakutani alizaliwa Osaka mwaka wa 1911. Babake alikuwa wakili na alitaka kijana pia awe wakili, basi shuleni akasomea upande wa sanaa. Kumbe moyo wake ulikuwa kwa hesabu. Vyuo vikuu vingi vya Japani wakati huo havikuchukua mtu wa sanaa kusomea sayansi. Tohoku, kule Sendai, ndiyo ilimkubali. Akamaliza 1934 na kuanza kufundisha Osaka.

Tawi lake la hesabu ni lile linalochukua fomula nzima na kuishika kama nukta moja kwenye grafu. Kazi yake ilisomwa na Hermann Weyl, jina kubwa sana, na mwaka wa 1940 akaalikwa Princeton, Marekani.

1941 akachapisha makala ya kurasa 3 tu. Iko hivi: chukua wauza mahindi wawili, mmoja Kitale, mwingine Bungoma. Kila mmoja anapanga bei ya gorogoro akimwangalia mwenzake, na wakati mwingine ana bei kadhaa zinazomfaa sawasawa. Je, watabadilishana bei milele? Hesabu ya Kakutani inasema, kwa masharti fulani, lazima kuwe na mahali ambapo hakuna anayeona haja ya kusonga. Mwaka wa 1950 John Nash aliitumia kwa nadharia yake ya michezo, na 1994 Nash akapata Nobeli ya uchumi.

Lakini Desemba 1941 vita vilizuka kati ya Japani na Marekani. Kakutani, ghafla, akawa mtu wa nchi adui. Mwaka wa 1942 alipanda meli Gripsholm, ikazunguka Afrika hadi Lourenço Marques, leo Maputo. Hapo ndipo Wajapani na Wamarekani walibadilishwa, kila mtu akarudi kwao. Ndiyo, alipita pwani ya Afrika kama mtu wa kubadilishwa.

Hakukata tamaa. 1948 alirudi Princeton, mwaka uliofuata akaingia Yale, akafundisha huko hadi 1982. Inasimuliwa kwamba siku moja aliona wanauchumi wengi kwenye mhadhara wake akashangaa. Akaambiwa wamekuja kwa sababu ya nadharia ya Kakutani. Yeye akauliza hiyo ni gani!

Alifariki 2004, akiwa na miaka 92. Fomu yako ikisema hapana, usiichane bado. Uliza kwanza kama kuna Sendai yako mahali.