Jean Jaurès, mwalimu aliyefundishwa na watu wa mugodi

Katika Ufaransa ni vigumu kupita muji bila kukuta barabara ao masomo yenye jina la Jean Jaurès. Wengi wanamujua kama mukubwa wa wasosialisti. Lakini hakuzaliwa musosialisti, na waliomufungulia mulango ni watu wa mugodi wa makala ya mawe. Ndiyo sababu leo tunawaelezea maisha yake.

Alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tisa 1859 ku Castres, muji mudogo wa kusini. Baba yake hakuwa tajiri: alijaribu biashara, kisha akalima shamba ndogo. Mutoto alikuwa na akili sana. Mwaka 1878 alipita wa kwanza ku mutihani wa kuingia École normale supérieure ya Paris, akatoka mwalimu wa filozofia. Mwaka 1885, akiwa na miaka 26, akachaguliwa depite, mudogo kuliko wote katika Bunge.

Wakati ule aliketi pamoja na warepublika wa katikati. Aliamini kwamba, kwa kuwa mufalme hayuko tena na kila mwanaume iko na kura yake, mambo yatanyooka polepole. Mwaka 1889 akaanguka ku uchaguzi. Akarudi Toulouse kufundisha, kuandika katika gazeti La Dépêche, na kusoma. Vitabu vya wasosialisti vikaanza kumugeuza mawazo. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kuingia ni kingine.

Karibu na kwao kulikuwa Carmaux, muji wa makala. Mukubwa wa kampuni, Marquis de Solages, ndiye alikuwa pia depite wa pale. Mwezi wa tano 1892, watu wakamuchagua Jean-Baptiste Calvignac kuwa meya. Calvignac alikuwa mutu wa kazi wa kampuni na kiongozi wa sendika. Aliomba ruhusa ya kuacha kazi siku kidogo kila juma, apate kufanya kazi ya muji. Kampuni ikakatala, ikamufukuza.

Mwezi wa nane watu wote wakaweka vyombo chini. Leta ikatuma waaskari. Mugomo ukapita miezi miwili, na tunajua wenyewe maana yake: posho inaisha, watoto wanaangalia chungu. Lakini hawakurudi. Mwishoni Calvignac akarudishiwa kazi, na Marquis akaacha kiti chake cha Bunge.

Jaurès aliandika katika gazeti lake kwa kuwasimamia. Pale ndipo aliona wazi kitu ambacho vitabu vilimuonyesha nusu tu. Siku ya Mungu mutu wa mugodi anapiga kura, ni raia. Kesho yake akishuka shimoni, patroni anaweza kufuta kura ile kwa kumunyima kazi. Kumbe uhuru unaoishia ku mulango wa kampuni haujakamilika.

Watu wa Carmaux wakatafuta mutu wa kushika kiti kile. Wakamuita Jaurès. Lakini hawakumupa bure: alipaswa kukubali programu ya chama cha watu wa kazi. Yeye alikuwa na kazi nzuri, jina, na marafiki kati ya warepublika. Angeweza kubaki mwenye huruma tu, anayesaidia kwa mbali. Akakubali kuingia. Mwezi wa kwanza 1893 akachaguliwa.

Alilipa bei yake. Mwaka 1898 Marquis akamushinda. Mwaka 1902 watu wakamurudisha, akabaki depite wao mpaka kufa. Wakati watu wa kiwanda cha chupa cha Carmaux walifukuzwa mwaka 1895, aliwasaidia kujenga kiwanda chao wenyewe ku Albi. Mwaka 1904 alianzisha gazeti L'Humanité, na mwaka 1905 vyama vya wasosialisti vilivyokuwa vinagombana vikaungana kuwa kimoja. Njia yake ilikuwa kura, sheria na sendika.

Mwaka 1914 alipigana na vita iliyokuwa inakuja. Tarehe 31 mwezi wa saba, akiwa anakula na wenzake katika Café du Croissant ku Paris, mutu mumoja akamupiga risasi. Siku tatu nyuma, vita ikaanza kati ya Ufaransa na Ujerumani. Mwaka 1924, wakati mwili wake ulipelekwa Panthéon, watu wa mugodi wa Carmaux ndio walimusindikiza.

Kwetu, wakati wa uchaguzi, vyama vinakuja na kofia na vikwembe. Tuvipokee, sawa. Lakini mbele ya kuchukua karata ya chama, tuulize swali moja: siku mwenzetu atafukuzwa juu ya kutusemea, nani kati yao atakuja kusimama nasi ku mulango wa kampuni?