Johannes Rebmann, Shahidi Aliyechekwa

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Hawakutuambia lakini kwamba ukweli huchukua muda gani kudhihiri. Wakati mwingine ni siku moja, wakati mwingine ni miaka na mikaka. Mtu ninayetaka kukusimulia maisha yake aliyajua hayo vizuri, kwa sababu alisema kweli na watu wenye elimu wakamcheka. Huyo ni Johannes Rebmann, mmishonari aliyepita katika nchi yetu ya Taita kabla ya Mzungu mwingine yeyote anayetajwa katika vitabu vya historia.

Nimemchagua yeye kwa sababu moja. Siku hizi tukikaa chini ya mti wakati wa mapumziko, hakosi mwenzetu mmoja wa kusema kwamba Biblia ni hadithi za kale, kwamba ililetwa na Wazungu ili tulale usingizi wakichukua mashamba, na kwamba mtu aliyesoma sayansi hawezi kuamini asichokiona. Mimi sitaki kumtukana mtu. Maswali hayo ni ya haki na yanastahili majibu. Nami najibu kwa maisha ya mtu mmoja.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomea kazi ya Injili mjini Basel, Uswisi, kisha akaenda Uingereza akajiunga na chama cha wamishonari kiitwacho CMS. Mwaka wa 1846, akiwa na umri wa miaka 26 tu, alifika Mombasa. Huko alimkuta mwenzake, Ludwig Krapf, ambaye mke na mtoto wake walikuwa wamefariki miaka miwili nyuma. Ama kwa hakika, kaburi lile peke yake lingemtisha mtu mwingine arudi na meli ile ile. Rebmann hakurudi. Mwezi wa Agosti mwaka huo wote wawili walihamia Rabai, huku homa imewashika vibaya.

Mwezi wa Oktoba 1847 alisafiri kwa miguu hadi Kasigau, mlima ambao yeye aliuandika kwa jina la Kadiaro. Mwaka uliofuata akashika njia ya Uchaga. Hakuwa na jeshi. Alikuwa na kiongozi wa safari, Bwana Kheri, wapagazi wachache, na mwavuli wake. Alipita nyika yetu isiyo na maji, akafika Bura, hapa hapa kwa jirani zetu, kisha akaendelea kuelekea magharibi. Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 akaona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Alimwuliza Bwana Kheri, naye akamjibu kwamba ni baridi tu. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, alitambua mara moja anachokitazama. Ulikuwa ni mlima Kilimanjaro.

Habari hiyo ilichapishwa London mwaka wa 1849. Basi kukazuka kicheko! Bwana mmoja mwenye sifa kubwa katika jiografia, William Desborough Cooley, aliikataa kabisa. Eti theluji karibu na ikweta haiwezekani. Cooley alikuwa ameandika mengi juu ya bara letu, lakini hakuwa amekanyaga Afrika Mashariki hata siku moja. Alikuwa na ramani zake, vitabu vyake, na kiti chake. Akasema theluji ile ilikuwa katika mawazo ya mmishonari tu.

Hebu tazama jinsi Rebmann alivyofanya. Hakutukana, wala hakubadilisha maneno yake ili akubalike. Hakuongeza chumvi pia. Alikuwa amekwisha kurudi Uchaga safari ya pili, akawasikiliza wenyeji, akakuta kwamba Wachaga wanaijua theluji ile vizuri kabisa, kwamba wanaiita kibo, na kwamba hugeuka kuwa maji. Ushahidi ukawa si wa macho ya mtu mmoja. Katika safari ya tatu, mwaka wa 1849, chifu Mamkinga wa Machame alimnyang'anya karibu mali yote aliyobeba, akarudi Rabai mgonjwa na mikono mitupu. Hata hivyo neno lake likabaki lile lile.

Mwaka wa 1861 Mjerumani mwingine, Karl von der Decken, alikwenda kuupanda mlima ule. Mwaka wa 1862 akarudi tena, akapanda kupita mita 4,000, na theluji ikamwangukia huko huko juu. Cooley hakuridhika hata kwa hayo! Ndipo unapoona kwamba mtu anaweza kukataa jambo si kwa sababu ushahidi haupo, bali kwa sababu amekwisha amua.

Najua msomaji mwerevu ataniuliza: je, theluji ya Kilimanjaro inathibitisha kuwa kuna Mungu? La, haithibitishi. Nikisema inathibitisha nitakuwa nawadanganya. Mlima unaweza kupandwa na kupimwa, lakini Mungu hapimwi kwa kamba. Ninachosema ni kidogo zaidi. Yule asemaye kwamba jambo haliwezekani kwa kuwa halimo katika vitabu vyake, hajatoa hoja bado. Imani ya Kikristo tangu mwanzo imesimama juu ya mashahidi. Walikuwa wavuvi na mtoza ushuru, si maprofesa. Paulo alipotaja ufufuo kule Athene, baadhi ya wasomi walimcheka. Tunapowapima mashahidi namna hiyo tunauliza: walipata faida gani? Waligeuza maneno walipoteswa? Ni kweli mtu anaweza kuteseka kwa jambo ambalo amekosea tu. Lakini ni vigumu sana kumwita mwongo mtu ambaye ushahidi wake haukumpa chochote ila taabu.

Tuje sasa kwenye lile la Wazungu na mashamba. Rebmann alifika mwaka wa 1846. Serikali ya Kiingereza ilitangaza utawala wake juu ya nchi hii mwaka wa 1895, yeye akiwa kaburini miaka 19. Hakujitwalia nchi yetu. Lakini nisifiche: habari na ramani za wamishonari ziliwafungulia njia wengine ambao nia zao hazikuwa za Injili. Tena aliziona mila za wazee wetu kama giza tupu, na hapo hakuwatendea haki. Wote wawili, msifuji na mpingaji, wakumbuke kwamba Biblia yenyewe haifichi makosa ya watumishi wake. Daudi alianguka, Petro alikana. Ukitaka kuipima Biblia, usiipime kwa kosa la aliyeibeba. Ipime kwa yale inayomwagiza, uone yanamfanya mtu wa namna gani anapoyatii.

Na hapa ndipo ninapompenda mzee huyu. Enzi zile watumwa walikuwa wakinunuliwa na kuuzwa pwani kama mbuzi. Katika Mombasa alikuwako mtumwa mmoja kutoka pande za ziwa Nyasa, jina lake Salimini. Kwa macho ya dunia hakuwa kitu. Rebmann aliketi naye miaka kadhaa kuanzia 1853, msomi mbele ya mtumwa, akimwuliza na kuandika. Mwalimu alikuwa Salimini na mwanafunzi alikuwa Rebmann. Matunda yake ni kamusi ya Kinyasa iliyochapishwa mwaka wa 1877. Anayefundishwa kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na akalisadiki jambo hilo, hawezi kuona aibu kufundishwa na mtumwa.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwa ya majonzi. Mwaka wa 1851 alimwoa Emma Tyler huko Misri. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga, na mwaka wa 1866 Emma naye akafariki. Wamishonari wenzake walikufa ama wakarudi kwao. Yeye alibaki Rabai, akafasiri na kufundisha, na waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Macho yake, yale yaliyoona theluji, yakaanza kufa. Ilipofika mwaka wa 1875 alikuwa kipofu. Ndipo aliporudi Ulaya kwa mara ya kwanza baada ya miaka 29, akishikwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Rabai. Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876.

Mtu angesema kazi yake ilipotea bure. Lakini mwaka wa 1883, miaka saba baadaye, Joseph Wray alifungua misheni Sagalla. Leo ukisimama hapa Chawia siku ya Jumapili unasikia kengele. Rebmann hakuzisikia kamwe.

Kuna jambo moja zaidi, na ni la kusikitisha. Asubuhi ambapo hakuna ukungu, kutoka katika vilima vyetu vya Taita tunauona Kilimanjaro. Lakini tangu mwaka wa 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake imeyeyuka. Huenda wajukuu wetu wakatazama huko wasione cheupe chochote. Tutakapowaambia kuwa kulikuwa na theluji, watatuuliza tunajuaje. Nasi hatutakuwa na cha kuwaonyesha ila neno letu. Siku hiyo itawalazimu kutazama kwanza sisi ni watu wa aina gani: je, tunasema kweli katika mambo madogo, je, tunalipa madeni, je, tunaiba katika mtihani?

Kwa hiyo, wenzangu mnaoamini, amri ya Mungu inayokataza kushuhudia uongo ituhusu sisi kwanza kabla hatujaenda kubishana na mtu. Nanyi mnaoshuku, endeleeni kuuliza, lakini msiulize mkiwa kitini kama Cooley. Fungueni kitabu chenyewe mkisome, kisha njooni tuzungumze.